Jeraha Lililofunikwa kwa Maneno ya Msamaha

Kwa muda wa karibu miaka miwili niliamini kwamba nimemsamehe mtu ambaye kwa kweli sikuwa nimemsamehe. Alikuwa mwenzangu katika maombi, mtu tuliyepiga magoti pamoja kwa miaka mingi, nami nilimweleza jambo zito la nyumba yangu nikijua kwamba litabaki kati yetu wawili na Mungu. Halikubaki. Nililisikia likizungumzwa na watu ambao sikuwahi kuwaambia neno. Tulipoketishwa mbele ya wazee wa kanisa nilitamka kwa sauti kwamba nimesamehe, tukashikana mikono, wakatuombea, nami nikarudi nyumbani nikidhani kwamba mambo yamekwisha.

Dalili za kwamba hayakwisha zilikuwa ndogo, na ndiyo maana nilizipuuza. Kila aliposimama kuongoza maombi, meno yangu yaliumana bila mimi kujua, hata taya zikawa zinauma kufikia mwisho wa ibada. Nina daftari ambalo huandika majina ya watu ninaowaombea. Siku moja nilipolipitia ukurasa kwa ukurasa niligundua kwamba jina lake, ambalo zamani halikukosekana hata wiki moja, halikuwemo tangu siku ile ya kushikana mikono. Sikuwa nimelifuta; nilikuwa nimeacha tu kuliandika.

Katika majira hayo nilikutana na maneno ya Yeremia 6:14, mahali nabii anapowalaumu viongozi wa watu kwa sababu “wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, amani, wala hapana amani.” Nilikuwa nimeyasoma mara nyingi nikidhani kwamba yanawahusu wengine. Asubuhi ile niliona kwamba mganga wa juu-juu nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimelifunika jeraha langu kwa maneno mazuri ya kikristo kabla sijaruhusu mtu yeyote, hata Mungu, aliangalie.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu aliyejeruhiwa ni kwamba asiharakishe kutamka amani, bali amwambie Mungu jambo lilivyo. Sala yangu ya kwanza ya kweli baada ya miaka ile miwili ilikuwa fupi na chungu: “Bwana, simpendi mtu huyu, wala sitaki kumpenda.” Niliogopa kuisema, lakini Zaburi zimejaa sala za namna hiyo, na Zaburi ya 88 inafikia mwisho wake ikiwa bado gizani bila neno la faraja kufuata. Mungu aliyeikubali sala kama hiyo iwemo katika Maandiko hawezi kukwazwa na ukweli wangu au wako.

Baada ya hapo nilikaa muda mrefu kwenye Zaburi ya 51, sala ambayo kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya nabii Nathani kumwendea kwa habari ya Bathsheba. Daudi anasema, “Ee Mungu, uniumbie moyo safi.” Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo, bara, ndicho kile kinachotumika katika Mwanzo 1:1, Mungu alipoziumba mbingu na nchi. Daudi haombi moyo wake wa zamani utiwe kiraka. Jambo hili lilinipumzisha sana, kwa kuwa nilikuwa nimejichosha nikijaribu kujitengenezea upendo ambao haukuwemo ndani yangu, kumbe nilitakiwa kuuomba kama mtu asiye na kitu.

Lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni habari ya Petro. Katika Yohana 18 alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani mwa kuhani mkuu, na katika Yohana 21, baada ya ufufuo, Yesu anamngoja ufuoni kando ya moto wa makaa. Neno la Kigiriki linalotafsiriwa hapo “moto wa makaa” halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Mtu aliyekana mara tatu anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, naye Petro anahuzunika kwa swali la tatu. Naamini kwamba Bwana alimrudisha kwa upole pale pale palipouma, na kwamba huzuni ile ilikuwa sehemu ya uponyaji wake.

Usiende mahali hapo peke yako. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungama sisi kwa sisi na kuombeana tupate kuponywa, nami nilimtafuta mama mmoja mtu mzima katika imani, asiyependa maneno mengi, ambaye alinisikiliza hadi nikamaliza ndipo akaomba. Ikiwa uchungu umekunyima usingizi na chakula, muone pia daktari bila kuona haya. Luka mwenyewe anaitwa “tabibu mpendwa” katika Wakolosai 4:14.

Wala usidhani kwamba kusamehe ni kumrudishia mtu siri zako siku hiyo hiyo. Yusufu alijitenga na ndugu zake, wale waliomuuza utumwani, akalia, kama tunavyosoma katika Mwanzo 42:24, lakini aliwapima kwanza, na hakujitambulisha kwao hadi Yuda alipojitoa kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Msamaha nilimpa mwenzangu. Kuaminiana kunakuja polepole, na sijui kama kutafika pale kulipokuwa.

Jina lake nililiandika tena katika daftari jioni moja, baada ya kusikia kwamba mama yake ni mgonjwa. Niliandika jina, kisha nikaweka kalamu chini kwa muda, ndipo nikaongeza mstari mmoja wa kumwombea mama yake apone. Kesho yake niliandika tena, na mkono ulisita kidogo kuliko jana.