Bembea katika bustani ya kale: tuanzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaani kwetu Mikindani kuna bustani ya zamani yenye miembe mikongwe na ukuta wa mawe na chokaa. Kamati ya mtaa inataka kuweka humo kiwanja cha watoto, na mfadhili ameahidi bembea za chuma. Wazee wanapinga, wakisema mahali hapo pataharibika. Je, tufanyeje?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya wazee ina msingi, lakini haitoshi kuwanyima watoto bustani. Naiomba kamati isipokee kifaa hata kimoja kabla ya kuichora bustani yenyewe: kila mti na kivuli chake cha saa kumi alasiri, ukuta, njia ambazo watu wamezizoea, na mkondo wa maji ya mvua.

Miembe ndiyo ya kwanza kulindwa. Mizizi yake mingi inayonyonya maji imo katika sentimita 60 hivi za juu ya ardhi, nayo huenea kupita ncha za matawi. Kwa hiyo kuchimba mashimo ya nguzo na kumwaga zege chini ya mti ni kuuua polepole, ukaja kukauka baada ya miaka, wakati hakuna tena anayelikumbuka lile zege. Nguzo zikae nje ya matawi, upande wa mashariki wa mti, maana huko ndiko kivuli cha alasiri huangukia, na alasiri ndipo watoto wanapotoka shule. Chini ya mwembe wenyewe pabaki udongo mtupu wa kuchezea mdako na kuchimbia vishimo vya bao. Hivyo navyo ni vifaa vya michezo, wala havihitaji mfadhili.

Bembea hula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa imening'inizwa kwenye boriti yenye kimo cha mita 2.5, inahitaji mita 5 za wazi mbele na mita 5 nyuma, na chini yake mchanga wa kina cha sentimita 30. Pimeni kwa kamba. Huenda mkaona kwamba bembea moja inatosha, na nafasi iliyobaki wasichana wakaitumia kwa rede. Nawasihi pia mfikirie upya hicho chuma, kwani upepo wa bahari wenye chumvi hukila kwanza kwenye maungio, na bati la kuserereka likipigwa na jua la mchana huunguza mapaja ya mtoto. Mninga au mvule hudumu na huendana na mahali.

Miji mingine imelipitia jambo hili. Central Park ya New York, ambayo ramani yake ilichaguliwa mwaka 1858, ilipata kiwanja cha Heckscher mwaka 1926, na vingi vilivyofuata viliwekwa pembezoni, karibu na malango, ili katikati pabaki pa wote. Amsterdam nako, kuanzia mwaka 1947, msanifu Aldo van Eyck alibuni mamia ya viwanja kwa vitu vichache tu: shimo la mchanga, vyuma vifupi vya kupanda na mawe ya kurukia.

Ukuta msiuzibe nyufa kwa saruji, kwa sababu hufungia unyevu ndani na chokaa ya zamani ikabanduka. Tumieni chokaa, na goli la mpira lisielekezwe huko. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hivyo pitieni kwanza kwa afisa utamaduni wa manispaa, na mkichimba mkakuta vigae vya vyungu au misingi ya nyumba, simamisheni kazi mtoe taarifa.

Mchoro ukikamilika, wapelekeeni wazee wawaonyeshe walikuwa wakichezea wapi utotoni. Mfadhili naye mwombeni atenge fedha za kuongeza mchanga kila mwaka, kwa kuwa chini ya bembea ndiko ardhi inakochimbika upesi.