Kinu cha jirani wa juu

SWALI: Papa Fundi, jambo. Ninapanga Nguba, hapa Bukavu, chini ya familia moja ya wema, wala hatugombani. Ila kila jioni wanatwanga sombe, halafu watoto wanaburuta viti. Bayeri, mwenye nyumba, anasema nibandike trei za mayai kwenye plafo, yaani dari ya chumba. Fundi mwingine anataka kuniuzia frigoliti, ile povu nyeupe ngumu. Nifuate lipi?
– Mama wa Nguba

JIBU: Mama, trei za mayai waachie kuku. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, basi. Frigoliti ya kubandika nayo ni nyepesi mno. Kazi yake ni kuzuia joto.

Sauti za watu husafiri hewani. Kinu hakina haja ya hewa: mchi ukishuka, dali ya betoni, yaani sakafu yao iliyo juu ya kichwa chako, inatikisika pamoja na kuta zilizoishikilia. Wakianza kutwanga, weka kiganja ukutani, utausikia mdundo.

Ndiyo maana pesa ya kwanza usiipeleke kwenye plafo lako, ipeleke juu. Zungumza na mama wa juu. Kinu kikishuka uani kikakaa ardhini, umepona. Kama haiwezekani, kikae juu ya ubao mzito wenye mpira mnene na laini chini yake. Viti vipigiwe vipande vya kandambili kuukuu miguuni, na sebuleni watandike zulia nene. Hayo yote hayafikii bei ya plafo moja.

Ukilazimika kutengeneza plafo, usikubali tripleksi (plaiwudi) ipigiliwe kwenye mbao zilizoshikwa na dali. Kila msumari utashusha mtikisiko. Fremu ishikiliwe na kuta tu, iache nafasi ya sentimita 10 hivi chini ya dali. Ndani jaza pamba ya mawe (nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe), chini funga mbao za jipsi tabaka mbili, maungio yasilingane. Ziba kingo zote kwa silikoni, na tundu la waya wa taa pia: maneno hupenya hapo. Mazungumzo yatapungua sana. Kinu kitapungua kiasi, maana kuta bado zinakileta.

Halafu plafo ni mali ya bayeri. Kabla hujanunua hata ubao mmoja, aandike kwenye karatasi na kusaini kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Akikataa, mnunulie mama wa juu ule mpira.