Rejista za UART kwenye Pico: toa hiyo uint8_t kabla hujaziba boksi

Wewe wa mashua ya Matondoni, ngoja kwanza! Umeuliza betri ipi, boksi lipi la kuzuia maji ya chumvi, na kama programu ya kusoma GPS kwa UART ya Pico (kifaa cha kutuma na kupokea data biti baada ya biti kwa waya) iko sawa. Haiko sawa. Nimefika kwenye volatile uint8_t *, pointa inayoandika baiti moja (biti 8) tu kwa mara, nikaacha kusoma.

RP2040, chipu ya Pico, haijali umeandika baiti ngapi. Kila unachoandika kwenye rejista za UART (visanduku vya namba vinavyoiendesha) inakihesabu kuwa cha biti 32, na baiti moja huirudia mara nne: 0x01 inakuwa 0x01010101 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Sasa tazama UARTCR, rejista ya kuwasha na kuzima. Unataka 0x301, yaani UART, kutuma na kupokea, vyote viwake. Pointa yako inaikata ibaki 0x01. Ikirudiwa, biti ya 0 na ya 8 zinawaka, ya 9 inazimika. Ya 9 ndiyo ya kupokea. GPS itapuliza usiku kucha kama mpiga zumari aliyekosea nyumba ya harusi.

Kasi nayo imeharibika. Kwa saa ya ndani ya chipu ya 125 MHz, baudi 9600 (biti kwa sekunde) inataka UARTIBRD 813 na UARTFBRD 51, yaani sehemu nzima na sehemu ya vipande ya kigawanyo cha kasi. 813 ni 0x32D. Inakatwa ikawa 0x2D, inarudiwa ikawa 0x2D2D, yaani 11565. Hapo unapata baudi kama 675, halafu unalaumu waya.

Kinachozuga watu ni UARTFBRD na UARTLCR_H (ya muundo wa data): hizo hutumia biti za chini tu, kwa hiyo hazionyeshi kasoro. Na hao waalimu wa mtandaoni! Wanachukua programu ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, ambako rejista kweli ni za biti 8, wanabadilisha anwani, wanaiita somo la Pico. Mtego huo, yakhe.

Tumia volatile uint32_t *, kila rejista, kila mara. Usiweke packed (alama ya kubana data bila kujali mpangilio wa anwani) kwenye struct ya rejista: Cortex-M0+, kichakataji cha RP2040, haiwezi kufikia anwani isiyolingana, kwa hiyo kompaila hulikata neno vipande vya baiti, na kipande cha mwisho kikiwa sifuri, UARTCR yote inabaki sifuri. Usiniamini mimi, endesha arm-none-eabi-objdump -d, itakuonyesha amri za mashine zilizotoka kwa kompaila. Ukiona strb (kuandika baiti) panapoandikwa rejista, rudi ukarekebishe. Inatakiwa str (kuandika biti zote 32).

Ukihamia bodi ya Linux yenye UART ya aina ya 8250, reg-shift = <2> kwenye device tree (faili inayoieleza Linux vifaa vya bodi) ni nafasi kati ya rejista tu. Upana unauweka kwa reg-io-width = <4>; ukiuacha, draiva itasoma baiti baiti.

Na kwenye Pico, thamani 0x70 ya UARTLCR_H iandike baada ya UARTIBRD na UARTFBRD, la sivyo kasi mpya haishiki.