Nakaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuingia ndani

"Shangazi, nina miaka 47, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Nikifika nyumbani nazima gari, nabaki humo nusu saa. Saa tisa usiku niko macho napiga hesabu: ada, dawa za mama, rejesho la mkopo. Kifua kinabana, vipimo vya moyo vimetoka safi. Likizo sijachukua mwaka wa tatu huu. Mke wangu hajui habari za mkopo. Nifanyeje? Baba Wawili, Tabata."

Pole, baba. Hiyo nusu saa nimeisoma mara mbili. Naona ndio muda pekee ambao hakuna anayekuomba kitu.

Vipimo kuwa safi haina maana unajisingizia. Mtu asiyelala, mwenye hofu miezi na miezi, kifua hubana kwelikweli. Ila nikuulize: daktari ulimtajia kifua tu, au na saa tisa usiku ulimwambia? (Wanaume wa ukoo wetu huishia kifuani.) Rudi, mweleze usingizi ulikatika lini, chakula kinapandaje, kama hata mpira umekosa ladha. Kama ni sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, inatibika. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na si lazima uanze kuokota makopo ndipo uende. Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Likizo si hisani ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 kila mwaka. Daktari akikuandikia mapumziko, zipo siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili. Wewe mhasibu, haya unayajua. Unachoogopa ni kurudi ukute ofisi ilienda bila wewe. Itaenda.

Sasa mkopo. Mkeo anaona hela inapungua na mume anajificha kwenye gari. Unadhani anawaza benki? Anawaza nyumba ndogo!

Leo ukifika, mpigie atoke, aje akae kiti cha pembeni yako, watoto wabaki na katuni zao. Mpe hati ya mshahara asome makato mwenyewe, na usianze kujitetea kabla hajafika mstari wa mwisho.