Nani aliuwekea uchungu saa?

Swali: Nilifika leba saa 8 mchana, njia imefunguka sentimita 4. Saa 12 jioni nikapimwa tena: sentimita 5. Mkunga akatia alama kwenye karatasi ya mistari, akasema, "Umevuka mstari," nikawekewa dripu ya uchungu. Nilijifungua salama, ila hadi leo najiuliza huo mstari ni nini na nani aliupanga. Bibi yangu alizaa saba nyumbani, hakuna aliyemshikia saa. (Mama wa mtoto mmoja, Morogoro)

Jibu: Hongera ya mtoto, mama. Karatasi hiyo ni patografu, kadi ya kufuatilia mwendo wa uchungu. Nimeijaza miaka mingi kabla sijajua ilikotoka.

Mzizi wake uko New York. Mwaka 1955 daktari Emanuel Friedman alichora jinsi njia ilivyofunguka, saa baada ya saa, kwa wanawake 500 waliokuwa wakizaa mara ya kwanza. Zaidi ya nusu yao watoto walivutwa kwa koleo. Hao ndio waliotupa picha ya uchungu "wa kawaida".

Mstari wenyewe ulichorwa Afrika. Mwaka 1972 mjini Salisbury, Harare ya leo, madaktari Philpott na Castle walikuwa na swali analolijua mkunga yeyote wa zahanati: mama yuko hapa, chumba cha upasuaji kiko mbali, nimpe rufaa saa ngapi? Wakawatazama wale asilimia 10 waliofunguka polepole kuliko wote, wakapata mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa. Huo ukawa mstari wa tahadhari. Saa 4 mbele yake wakaweka wa pili, wa kuchukua hatua. Kwa mkunga wa kliniki, mstari wa kwanza ulimaanisha tafuta gari. Haukumaanisha tundika dripu.

Dripu ilipata kasi Dublin, Ireland, miaka hiyohiyo. Kieran O'Driscoll na wenzake walitaka mzazi wa kwanza asizidishe saa 12: asipofunguka sentimita 1 kwa saa, chupa inapasuliwa, halafu oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kwa dripu. Ila kule kila mama alikuwa na mkunga wake pembeni muda wote. Dripu tumeipokea; huyo mkunga wa pembeni bado tunamsubiri.

Sasa tusome kadi yako. Mstari wa tahadhari ulitaka uwe sentimita 8 ifikapo saa 12 jioni, kwa hiyo uliuvuka kweli. Lakini mstari wa hatua, kwa mtu wa sentimita 5, ulikuwa saa 1 usiku. Hukuwa umeufikia. Hapo katikati kazi yetu ni kutafuta sababu: kibofu kimejaa? Kichwa kimekaa vibaya? Uchungu una nguvu? Tunaweka kiganja tumboni dakika 10, tunahesabu uchungu umekuja mara ngapi, kisha tunajaza vyumba vidogo vya kadi, kimoja kwa kila uchungu: nukta kwa uchungu usiofika sekunde 20, mistari ya mshazari kwa 20 hadi 40, na wino mtupu kwa uliozidi 40. Kama vyako vilikuwa vya nukta, dripu ilikuwa na sababu. Kama vilikuwa vyeusi, ningeuliza maswali, maana dripu juu ya uchungu mkali humchosha mtoto tumboni.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema sentimita 1 kwa saa ni kasi ambayo baadhi ya wanawake hawaifikii na bado wanazaa salama, na kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Mwongozo wake wa 2020 unampa mama wa sentimita 5 saa 6 kabla ya kushtuka. Kwa hesabu hiyo, saa 12 jioni ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Tahadhari ingekuwa saa 6 usiku.

Kuhusu bibi, nisikudanganye: wako wa rika lake waliokaa na uchungu siku mbili, wakabaki na fistula au wasibaki kabisa. Na kadi ikitumika sawasawa hupunguza hata dripu. Utafiti wa wanawake zaidi ya 35,000 wa Indonesia, Malaysia na Thailand, uliotolewa 1994, ulionyesha walioongezewa uchungu wakishuka kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Shida ni kadi zinazojazwa mtoto akiwa ameshanyonya, alama zimenyooka kama zimepigwa rula. Nimeziona nyingi.

Ukirudi leba, na wakikuambia tena umevuka mstari, uliza ni upi kati ya miwili, na vyumba vyako vya uchungu vimejazwaje.