Miaka Mmeihesabu, Siku Je?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 31, nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi. Nimeolewa miaka mitatu na miezi minne, mtoto sina. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma. Anakaa nyumbani siku tatu au nne, halafu anapotea wiki mbili. Nimepiga picha ya mirija ya uzazi, iko wazi. Nimemeza vidonge vya kupevusha mayai nilivyonunua duka la dawa, miezi mitatu. Nimekunywa mizizi ya mama mmoja wa Boma Ng'ombe mpaka nikaharisha. Nikimwambia mume akapime, anasema ana mtoto wa miaka tisa kule Himo, aliyempata kabla hatujajuana, kwa hiyo yeye ni mzima. Kwenye kikoba wenzangu wote ni Mama Fulani, mimi naitwa "mke wa dereva". Desemba tunapanda Rombo na mama mkwe ameshaanza kuniuliza kwa simu. Je, nisiende?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo miaka mitatu na miezi minne ni hesabu ya ndoa. Hesabu ya kutafuta mtoto ni nyingine, na sidhani kama kuna mtu ameshakaa na wewe akaipiga.

Chukua kalenda ile ya ukutani. Siku ya kwanza ya kuona damu iandike 1, kwa kalamu nyekundu. Kama mzunguko wako ni wa siku 28, yai linapevuka karibu na siku ya 14. Kama ni wa siku 32, sogea mpaka ya 18 hivi, maana kinachohesabiwa ni wiki mbili kurudi nyuma kutoka damu inayofuata. Yai likishatoka halimalizi zaidi ya siku moja. Mbegu za mwanaume ndizo zinazoweza kusubiri ndani mpaka siku tano. Kwa hiyo siku zenu ni zile tano kabla ya yai na siku yenyewe, basi. Sasa kwa kalamu ya bluu weka alama kila usiku ambao lori lilikuwa limepaki nyumbani. Nilipokuwa kliniki nilimfanyia hivi mke wa dereva mwingine. Katika miezi sita, bluu ilikutana na siku zenyewe mara moja tu. Yule mama alicheka, kisha akalia.

Madaktari huanza kusema ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mwanamke akishapita miaka 35 hatusubiri mwaka, miezi sita inatosha kuanza kupima. Wewe ulishapima, na vizuri. Vile vidonge viache. Kazi yake ni kupevusha yai kwa mwanamke ambaye yai halipevuki, na vinahitaji daktari wa kukufuatilia kwa ultrasaundi, kwa sababu vinaweza kuleta uvimbe wa maji kwenye kokwa za mayai, au mapacha. Mizizi nayo iache, ila mwambie daktari kwamba uliitumia. Hatakupiga.

Sasa tuje kwa mwenye lori. Mtoto wa Himo ni ushahidi wa miaka tisa iliyopita. Mbegu za mwanaume hutengenezwa upya kila baada ya miezi miwili na nusu hivi, na katikati hapo kuna mengi: ugonjwa wa zinaa usiotibiwa vizuri, mishipa ya korodani kuvimba, sigara, pombe nyingi, hata zile sindano za kujaza misuli. Na nguvu za kitandani hazisemi chochote kuhusu idadi ya mbegu. Hilo nimelirudia maisha yangu yote ya kazi na bado wanaume wananitazama kama nimewatukana. Takriban nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mume nao unachangia. Kipimo chake, cha mbegu, ndicho chepesi kuliko vyote, wewe umeshavumilia picha ya mirija!

Mwambie utaratibu, maana wengi wanaogopa wasichokijua. Akae bila tendo siku mbili hadi saba. Kikopo atapewa maabara. Nilishapokea sampuli kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na nyingine ndani ya mfuko wa barafu kama samaki. Asitumie sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida. Akitolea nyumbani, aifikishe ndani ya saa moja, mfukoni karibu na mwili. Majibu yakiwa mabaya, kipimo kinarudiwa baada ya miezi kama mitatu, hakuna anayehukumiwa kwa karatasi moja. Ikibidi, ombeni rufaa ya hospitali ya KCMC hapo Moshi, ambako kuna madaktari wa wanawake na wa urolojia pia, na mwende wote wawili. Upandikizaji wa mimba (IVF) upo Dar na Nairobi, lakini ni mamilioni ya shilingi, msianze na mlango huo.

Rombo. Mimi nilikaa miaka sita Machame nikingoja. Krismasi moja mama mkwe alinitwika mtoto wa wifi, "mbebe upate mkono wa baraka," ukumbi mzima ukitazama. Nilimrudisha kwa mama yake, nikaenda jikoni kumenya ndizi za mtori mpaka utomvu ukanifanya vidole vyeusi. Hakuna aliyenifuata. Hata mume wangu hakunifuata, na hilo ndilo lililoniuma kuliko baraka zenyewe.

Kwa hiyo usiende kama mume wako hajampigia mama yake kwanza. Yeye, siyo wewe. Aseme: "Mama, tunapima wote wawili, tukiwa na habari tutakuletea, usimuulize tena mke wangu." Akishindwa kuyasema hayo kwa simu, mezani hatayaweza. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili maishani, hivyo kwenye ukoo mkubwa kama wenu wa Rombo, yupo shangazi anayeyajua haya na amenyamaza. Mtafute huyo ukae naye.

Na yule mtoto wa Himo, mnunulieni viatu vya Krismasi. Safari hii mpelekeeni wote wawili.