Umeniuliza kuhusu bahati ya Williamson

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama Dkt. Williamson, yule Mkanada wa mgodi wa Mwadui kule Shinyanga, aliipata almasi mwaka 1940 kwa bahati tu au kwa elimu. Nitakujibu, ila kwanza tuongee habari za chekecheke.

Ukitafuta almasi, mashimo huchimbwa kwa mistari iliyopimwa kwa dira na mnyororo, kila shimo mpaka lifike mwambani. Changarawe ya chini kabisa hutiwa kwenye gunia lenye namba ya shimo lake, kisha huoshwa. Madonge ya mfinyanzi yasipovunjwa, hutupwa na almasi ndani. Chekecheke hujazwa nusu, huzamishwa kwenye pipa la maji, hupandishwa na kushushwa kwa mikono miwili huku likizungushwa kidogo. Vyepesi hupanda na kusogea pembeni, vizito hushuka katikati. Ukilijaza mno, mawe hayapati nafasi ya kupishana na vizito hunasa juu.

Babu yako alinionyesha hayo kule Shinyanga kwa chekecheke la unga la bibi na mchanga wa mtoni. Alilipindua ghafla juu ya gunia: katikati pakawa na jicho jeusi, duara kama lililochorwa. Ilmenaiti, madini meusi mazito, na punje mbili nyekundu za ganeti, madini yanayoweza kuashiria almasi. Ilmenaiti peke yake haitoshi, imejaa mito mingi; ganeti ndiyo iliyomfanya anyamaze. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake nafurahi.

Halafu inaniuma. Miaka yote ile aliosha changarawe za watafutaji, na kile kipande chake cha siku 30, yaani kadi ya kazi ya enzi za ukoloni, kilichomo kwenye sanduku la bati la bibi yako, kazi yake kimeiandika neno moja: kibarua. Mikono nayo ina elimu, Neema, nimekwambia mara ngapi?

Lakini nisimwonee Williamson. Alikuwa na udaktari wa jiolojia wa McGill, na mwamba ule wenye almasi wa Mwadui, wa hekta 146, ulikuwa umefunikwa na udongo. Matokeo ya kila shimo yasipowekwa mahali pake kwenye ramani, hujui mwamba unaanzia wapi. Gunia moja likikosewa namba, ramani inadanganya. Sasa, magunia hayo yalifungwa na nani?

Bahati? Nisikulazimishe. Ningesema haikuwa bahati, ila ningekuwa namtetea babu yako kuliko Williamson.

Ukija Desemba niletee chekecheke la matundu ya milimita 2. La bibi limetoboka.

Baba yako